Deni la mahakama lisile mshahara wote

Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Siku hizi matanga hayo hayakaliwi barazani, yanakaliwa kwenye karatasi ya mshahara. Mwalimu wa Likoni, mlinzi wa hoteli ya Diani, karani wa kaunti kule Kilifi, mfanyakazi wa bandarini Kilindini: mwezi ukiisha, kila mmoja hukimbilia mstari wa mwisho wa karatasi hiyo ajue kimesalia nini.

Na kinachosalia kimepungua. Tangu 2023 mwajiriwa anakatwa asilimia 1.5 ya mshahara kwa ajili ya nyumba za bei nafuu. Tangu Oktoba 2024 anakatwa asilimia 2.75 ya bima ya afya ya SHIF. Mchango wa NSSF nao umekuwa ukipanda kwa awamu tangu 2023, na kodi ya mapato iko pale pale. Juu ya hayo weka mkopo wa sacco, mkopo wa benki, na mikopo ya simu ambayo haionekani kwenye karatasi lakini inasubiri mshahara uingie. Mtu akiwa katika hali hiyo ndipo unapomjia mstari mpya asioutarajia: deni lililokatiwa hukumu na mahakama.

Nalileta jambo hili kwa sababu mbili. Ya kwanza, sisi wa Pwani tuna tabia ya kulifanya deni kuwa siri ya chumbani mpaka limfikie mwajiri. Ya pili, nilisomea uhasibu ngazi ya diploma na kwa miaka kadhaa kazi yangu ilikuwa kutayarisha mishahara ya watu. Nimeziona barua za wadai zikitua mezani, na nimeona zilivyosomwa vibaya, na mwajiri na mdaiwa mwenyewe.

Deni linavyofika kwenye mshahara

Hakuna mdai, awe benki, duka au mtu binafsi, anayeweza kuamka asubuhi akaanza kukata mshahara wako kwa nguvu zake. Mkopo ambao wewe mwenyewe ulitia saini ukatwe kazini ni habari nyingine, hapo ulishatoa idhini. Asiye na idhini hiyo sharti apite mahakamani. Atafungua kesi, wewe uletewe samansi, upewe muda wa kujibu, kisha hakimu aamue. Akishinda, bado hajapata pesa, amepata hukumu tu. Itambidi arudi kwa mahakama ile ile kuomba hukumu hiyo itekelezwe, na njia mojawapo ni amri kwa mwajiri wako akate sehemu ya mshahara na kuipeleka inakotakiwa.

Kesi nyingi za namna hii hazishindwi kwa hoja, zinashindwa kwa kutokwenda. Samansi inakuja, mtu anaitia mtoni mwa kabati chini ya vyeti vya watoto, anamwachia Mungu. Muda unapita, mdai anaomba hukumu kwa kuwa hukujibu, naye anapewa. Huenda deni halikuwa laki tatu bali laki moja na nusu. Huenda ulishalipa nusu na risiti unazo. Huenda wewe ulikuwa mdhamini tu na mkopaji mwenyewe yuko Mtwapa anaendesha gari. Hayo yote hakimu hakuyasikia, kwa sababu hukumwambia.

Na usidhani samansi lazima iletwe na mtu aliyebeba bahasha. Tangu 2020 kanuni za kesi za madai zinaruhusu karatasi za mahakama kupelekwa kwa barua pepe na hata kwa programu za ujumbe kwenye simu, kama WhatsApp. Ule ujumbe ulioufuta ukidhani ni matapeli huenda ulikuwa kesi. Usiufute kabla hujaipeleka nambari ya kesi iliyomo kwenye masijala ya mahakama ikathibitishwa.

Sheria imemwekea asiyejibu kinga moja ambayo wengi hawaijui. Hukumu ikitolewa kwa sababu hukufika wala hukujibu, mdai hawezi kuanza kuitekeleza kabla ya kukupa notisi ya siku zisizopungua 10 kwamba hukumu imeingizwa dhidi yako. Siku hizo 10 si za kulia. Ni za kwenda kortini kuomba hukumu iwekwe kando, ikiwa una utetezi wa kweli au samansi haikukufikia.

Anayekupigia simu ni nani?

Watu wetu huwachanganya watu watatu, na mchanganyiko huo ndio unaoleta hofu.

Wa kwanza ni wakala wa kudai madeni. Huyu ameajiriwa na mdai akukumbushe, akubembeleze, pengine akusumbue. Hana amri ya mahakama mfukoni. Hawezi kuingia nyumbani kwako kuchukua kitu, na barua yake kwa mwajiri wako ni barua tu. Ikiwa deni ni la mkopo wa simu, kanuni za Benki Kuu za 2022 kuhusu wakopeshaji wa kidijitali zinamkataza mkopeshaji na wakala wake kutumia vitisho na matusi, kuanika habari zako mitandaoni, au kuwapigia watu walio katika orodha ya simu yako ili wakuaibishe. Aliyempigia mama mkwe wako kumwambia hulipi amevunja kanuni hizo, na Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data inapokea malalamiko ya aina hiyo.

Wa pili ni dalali wa mahakama. Huyu ana leseni na ana hati kutoka mahakamani, na muulize zote mbili. Kwa mali inayohamishika, hatakiwi kufika leo na kubeba leo. Anaandika orodha ya vitu na thamani yake, anakuachia nakala, kisha unapewa siku 7 za kulipa au kwenda mahakamani kabla hajarudi kuchukua. Nyumba ya kuishi haiingiwi kwa kazi hiyo baada ya jua kutua na kabla ya kuchomoza. Anayegonga usiku wa manane hatekelezi sheria, anavunja sheria.

Wa tatu ni mahakama yenyewe, na yeye ndiye pekee anayeweza kumwamuru mwajiri wako akate. Amri yake ina jina la korti, nambari ya kesi, majina ya pande zote, kiasi cha deni, saini na muhuri. Mwajiri akiipuuza anaweza kujikuta analipa yeye.

Nilipokuwa kwenye mishahara, niliona mwajiri mmoja akimkata mfanyakazi wake nusu ya mshahara kwa miezi minne, na karatasi iliyokuwa ndani ya faili ilikuwa ya wakala. Muhuri haukuwako, nambari ya kesi haikuwako. Ilikuwa na maneno makali ya Kiingereza na nembo ya rangi nyekundu, basi. Mfanyakazi hakuuliza kwa sababu alikuwa na haya, na ofisi haikuuliza kwa sababu iliogopa. Pesa zilizotoka kwa njia hiyo kuzirudisha ni kazi nyingine kabisa.

Theluthi ni theluthi

Sasa tufike kwenye hesabu yenyewe.

Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Madai, kifungu cha 44, inataja vitu ambavyo havishikwi kwa ajili ya deni la mahakama. Kimojawapo ni theluthi mbili za mshahara wa mtumishi wa umma au mtu mwingine yeyote aliyeajiriwa. Maana yake mdai hata akishinda kesi kumi, amri ya korti haiwezi kugusa zaidi ya theluthi moja.

Kisha iko Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 19. Hii inasema jumla ya makato yote anayofanya mwajiri kwa wakati mmoja, yakiwemo ya amri ya mahakama, yasizidi theluthi mbili za mshahara. Lazima ubaki na theluthi moja ya kula na ya nauli.

Zisome pamoja. Tuchukue mtu anayepata shilingi 48,000. Theluthi ya mshahara wake ni 16,000, na hicho ndicho kiwango cha juu ambacho deni la mahakama linaweza kumkata. Lakini tuseme kodi, SHIF, nyumba, NSSF na sacco zimeshachukua 27,000. Makato yote kwa jumla hayatakiwi kupita 32,000. Nafasi iliyobaki ni 5,000 tu, ijapokuwa sheria ya kwanza ilisema 16,000. Mtu huyu anatakiwa aende nyumbani na 16,000, asipewe chini ya hapo kwa kisingizio cha amri.

Ninawaomba wenzangu walio kwenye ofisi za mishahara waipige hesabu hii kabla ya kubonyeza kitufe. Na ewe mdaiwa, ipige mwenyewe. Ukikuta umekatwa kupita kiasi, andika barua kwa mwajiri, taja vifungu hivyo viwili, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

Lakini tusidanganyane. Kukatwa kidogo si ushindi mtupu. Deni la 180,000 likilipwa 15,000 kwa mwezi linaisha kwa mwaka mmoja. Likilipwa 5,000 linakwenda miezi 36, na ikiwa hukumu ina riba, riba nayo haikai ikikusubiri. Kinga ya sheria inakuwezesha kupumua, haikufutii deni. Hukumu nayo ina umri mrefu: inaweza kutekelezwa ndani ya miaka 12. Anayesema atakaa kimya mpaka wasahau anakaa kimya muda ambao mtoto aliyezaliwa leo atakuwa amemaliza shule ya msingi.

La kufanya kabla mambo hayajaharibika

Ukipata habari ya hukumu, nenda kwenye korti iliyotajwa, iwe Mombasa, Kwale, Kilifi, Malindi au Lamu, uombe kuliona faili. Angalia mambo manne: nani alisema alikuletea samansi na lini, deni la asili ni kiasi gani, riba na gharama ni kiasi gani, na ulicholipa kimehesabiwa au la. Ikiwa mdai ni benki, dai hesabu kamili ya mkopo. Tangu 2007 kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki kinazuia riba ya mkopo ulioshindikana kuzidi kile kiasi cha msingi kilichokuwa kikidaiwa mkopo ulipoanza kutolipwa. Nimeona watu wakilipa bila kuuliza hata swali hili moja.

Ikiwa deni ni la kweli na huna utetezi, usitafute hila. Omba kulipa kwa mafungu. Kanuni zinamruhusu hakimu kukubali ombi hilo hata mdai akikataa, ilimradi umeonyesha sababu ya kutosha. Sababu ya kutosha haiwi machozi. Ni karatasi za mshahara za miezi mitatu, risiti za kodi ya nyumba, ada za shule, karatasi za hospitali kama kuna mgonjwa. Weka na malipo ya kwanza mkononi, hata kama ni madogo. Hakimu humsikiliza anayelipa kidogo kuliko anayeahidi kingi.

Ikiwa madeni ni mengi na kila mdai anavuta kwake, Sheria ya Ufilisi ya 2015 imeweka njia za mtu binafsi kupanga malipo yake chini ya usimamizi, kupitia kwa Mpokeaji Rasmi. Watu wengi hudhani ufilisi ni wa makampuni tu. Sivyo.

Na hofu kubwa kuliko zote, ya jela. Ndiyo, sheria ya Kenya ingali na kifungo cha madai. Lakini hufungwi kwa kuwa maskini. Lazima kwanza uitwe ujieleze kwa nini usifungwe, na mahakama iridhike, kwa mfano, kwamba una uwezo na umekataa kulipa, au unapanga kutoroka. Mkataba wa kimataifa wa haki za kiraia na kisiasa, ambao Kenya iliuridhia 1972, nao unakataza kumfunga mtu kwa sababu tu ameshindwa kutimiza mkataba. Tatizo ni lile lile: wengi hupelekwa ndani kwa hati ya kukamatwa iliyotoka baada ya wao kutofika walipoitwa kujieleza.

Kuna vitu vingine ambavyo havishikwi: nguo, vyombo vya kupikia, vitanda na matandiko ya familia, mapambo ambayo kwa desturi ya dini mwanamke hatenganishwi nayo, na zana ambazo mtu hawezi kufanya kazi yake bila hizo. Cherehani ya fundi anayeishi kwa kushona si sawa na televisheni ya sebuleni. Malipo ya uzeeni ya mtumishi wa serikali nayo yamo katika orodha hiyo, basi mzee wako asitishwe nayo.

Wasio na uwezo wa wakili wasikae nyumbani. Kituo cha Sheria kina ofisi Mombasa, na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 ilianzisha huduma ya taifa kwa ajili hiyo.

Upande wa mdai

Nisipotaja upande wa pili nitakuwa nimeandika nusu ya makala. Mdai si benki peke yake. Yuko mama aliyetoa gunia za mchele Kongowea kwa mkopo akaambiwa aje kesho mwaka mzima. Yuko mwenye duka la vifaa vya ujenzi ambaye nyumba imesimama kwa saruji yake na mwenye nyumba hapokei simu. Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiza kesi zisizozidi shilingi milioni moja na inayotakiwa kuzimaliza ndani ya siku 60, imewafungulia mlango watu kama hao. Ni jambo jema. Maana yake pia ni kwamba hukumu zitakuja upesi zaidi kuliko zamani, na anayezoea kusubiri kesi ioze rafuni atashtuka.

Dini yetu imesema na pande zote mbili. Aya ya 280 ya Suratul Baqara inaelekeza mdaiwa aliye katika dhiki apewe muhula mpaka apate wepesi, na kumsamehe kunahesabiwa kuwa heri zaidi. Na Mtume, rehma na amani zimshukie, alikuhesabu kuchelewesha kwa mwenye uwezo kuwa ni dhulma. Sisi tumeichukua ile ya muhula tukaiacha hii ya dhulma. Tumeiacha pia aya ya 282, inayotaka deni liandikwe na lishuhudiwe. Nusu ya ugomvi wa madeni mitaani kwetu ungekwisha kama tungeandikiana.

Wengine huuliza kwa nini mambo haya yasiende kwa Kadhi. Katiba imeipa Mahakama ya Kadhi ndoa, talaka, mirathi na hali ya mtu kwa Waislamu waliokubali kushtakiana huko. Deni la duka au la benki halimo. Na kumwambia hakimu kwamba riba ni haramu hakutafuta mkataba uliotia saini kwa mkono wako. Hoja hiyo ilikuwa na nguvu kabla ya kalamu, si baada yake.

Ninachodai

Nina mambo matatu.

La kwanza ni lugha. Kifungu cha 7 cha Katiba kimekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Hata hivyo samansi inayomfikia mvuvi wa Kipini au mpishi wa Ukunda imeandikwa Kiingereza cha mawakili. Mtu hawezi kujibu asichokisoma. Mahakama za Pwani zianze na jambo dogo: ukurasa mmoja wa Kiswahili juu ya kila samansi ya madai, unaosema umeshtakiwa na nani, kwa kiasi gani, ujibu lini na wapi, na nini kitatokea usipojibu. Haihitaji bajeti ya bunge.

La pili ni waajiri. Kaunti zetu na hoteli zetu ziwe na utaratibu ulioandikwa: hakuna makato ya deni bila amri yenye muhuri iliyothibitishwa masijala, na mfanyakazi apewe nakala kabla ya mwezi wa kwanza kukatwa.

La tatu ni letu sisi. Wenye madeni ni mojawapo ya makundi manane yanayostahiki zaka, lakini kamati nyingi za misikiti humkumbuka masikini wa futari tu. Mtu aliyeelemewa na deni la matibabu ya mama yake naye ana fungu. Na Ijumaa moja katika mwaka itengewe somo la karatasi za mahakama, wakili akae baada ya swala, watu waje na bahasha zao.

Dawa ya deni ni kulipa, hilo halina mjadala. Lakini kulipa kuna kiasi na kuna utaratibu, na vyote viwili vimeandikwa. Ukiwa na bahasha ya korti kabatini, itoe leo, uisome tarehe iliyomo. Ikiwa haijapita, bado una la kusema. Ikiwa imepita, nenda masijala kesho asubuhi, usingoje mwisho wa mwezi ukuambie.